Moshi wa mbabula

Kazi ya jirani yangu, mpiga picha wa mtaa wetu wa Kamalondo, ni kufuta: chunusi za maharusi, jasho la mapadri, nyaya juu ya kanisa. Kabla ya kugusa kompyuta hupangusa kidole kwenye shati, na akifuta huguna kama mtu anayekunwa mgongo. Wiki hii, kwa programu mpya, amerudia picha za nyota alizopiga uani zamani, siku umeme ulipokatika mtaa mzima, watu wakarudi kwenye majiko ya makaa, na yeye peke yake akafurahi. Mwanga wa mgodi wa Ruashi umetoweka pichani, na wingu la nyota lililokuwa doa la kijivu sasa ni jekundu, lina mikunjo kama kitenge. Mkewe, Delphine, akainama kutazama, mikono imejaa unga wa ugali.

“Iko muzuri. Lakini hapa chini kunabakia moshi. Toa, tutundike ku salon, wageni waone.”

“Hapana. Ile njo moshi ya mbabula yako. Ulikuwa unapika bukari inje, mu giza.”

“Makala ililowana! Miye nilikuwa natukana, na weye unafurahia nyota!”

Mumewe akacheka, akapangusa kidole kwenye shati, akaongeza mwanga kidogo pale penye moshi.