Nyumba Aliyoipamba Nyanchama

Prudence hakumkimbia mama yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kanisani baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai mikononi, na limekwisha kufika hadi Malton kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Thorncliffe Park, mtaa wa hapa Toronto mambo haya yalikotokea. Wanasema binti wa wifi yangu Nyanchama aliletwa kutoka Kisii, akafika mlangoni, akaona nyumba imetundikwa tishu za choo ukuta hadi ukuta, akashikwa na aibu, akatoka mbio koridoni akilia. Wengine wameongeza kwamba alipigwa. Mimi nilikuwepo, sanduku la mtoto nikiwa nimelishika mkononi. Hao wanaosimulia walikuwa nje na sufuria zao za kukaribisha mgeni, na walichokiona ni mgongo tu.

Jina linalotajwa katika uvumi huo ni la ukoo wa Nyakundi, ambao marehemu mume wangu aliuacha bila doa. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa.

Nyanchama ni dada mdogo wa mume wangu. Alikuja Toronto miaka ya themanini ikielekea ukingoni, akamwacha Prudence kwa mama mkwe wangu karibu na Keroka, kwetu Kisii, mtoto akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Yeye na baba wa mtoto ni habari nyingine na haiwahusu wasomaji. Alipata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee huko Leaside, mtaa wa jirani: anamwogesha, anampikia, anamsomea gazeti ingawa bibi mwenyewe husinzia kabla ya aya ya pili. Ni mwanamke mfupi, mkimya, asiyejua kukaa na mikono mitupu. Ukimkuta amekaa, basi anafuma kitambaa cha kuweka mgongoni mwa kochi, au anafumua sweta kuukuu ili apate uzi wa kitambaa kingine.

Jumapili alikuwa akipiga simu kwenye duka moja Keroka, ambako mama mkwe alikuwa akimngoja pamoja na mtoto. Wakishamaliza kusalimiana, Prudence alipewa simu. Kwa muda mrefu alikuwa akipumua tu. Alipokua akawa anajibu. "Tuko salama, anti." Anti lilikuwa jina la kila mwanamke aliyetoka mbali na kuleta nguo. Mama alikuwa ni yule aliyemshikia simu.

Nyanchama hakulalamika. Angelalamikia nini? Lakini baada ya simu hizo nilimwona akifua nguo zilizokwisha fuliwa.

Mwaka wa tisini na tano, majani yakianza kupukutika, karatasi za uhamiaji zikakubaliwa. Mtoto angefika kabla ya Krismasi. Tangu siku hiyo Nyanchama hakuwa na mazungumzo mengine ila nyumba. Nyumba yenyewe ni chumba cha kulala na sebule, ghorofa ya juu, kuta nyeupe, dirisha kubwa linalopitisha baridi kama kikapu. Nilimwambia kwamba ningeweza kumnunulia mapambo machache dukani, taa ndogo ndogo na mti wa plastiki, tukamaliza kazi kwa siku moja. Akakataa.

"Hivyo vya dukani ni vya wenye nchi, wifi," alisema. "Atakaa katikati yake kama mgeni, magoti pamoja, akingoja kuambiwa aende. Nataka akiingia ajue ameingia kwao."

Nikamwacha, maana hoja yake ilikuwa na mantiki.

Kwanza alishughulikia baridi. Alibandika nailoni nyembamba kwenye fremu ya dirisha, akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Alikata miguu ya suruali kuukuu, akaijaza matambara, akaishona ncha zote mbili na kuivika leso ya maua, akailaza chini ya mlango wa roshani ili upepo usipite. Ukiona haraka utadhani ni nyoka aliyevaa nguo za harusi. Viti viwili alivyonunua kwenye duka la mitumba alivivika vitambaa vyake vya kufuma.

Halafu matawi. Nje ya duka la vyakula huuzwa miti ya Krismasi, na wauzaji hukata matawi ya chini ili mti usimame sawa. Nyanchama aliuliza kama wanayahitaji. Wakamwambia achukue anayotaka. Akafunga mzigo, akajitwika kichwani, akatembea nao kandokando ya barabara kutoka Leaside hadi nyumbani, magari yakipunguza mwendo ili wamtazame. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi ya kwanza, kwamba mke wa fulani, yaani mimi, ana wifi anayeokota takataka. Aliomba, akapewa. Nyumba ikanukia mtarakwa, kama boma la mama mkwe wiki ya Krismasi, wakati watoto wanapotumwa kukata matawi ya kufunga kwenye nguzo za mlango.

Sasa nizungumzie karatasi za msalani, kwa sababu ndizo zilizochekwa. Kwetu, Krismasi hupambwa kwa karatasi hizo, na sioni haya kulisema. Huchukuliwa za rangi ya waridi na za manjano, zikasokotwa pamoja polepole, mmoja akiwa juu ya kiti na mwingine akishika mwisho, zikavutwa kutoka kila pembe ya nyumba hadi katikati ya dari, na hapo katikati yakafungwa maputo. Ukikunja vipande kama feni, ukafunga uzi kiunoni na kuvuta kila tabaka taratibu, unapata ua zito lisilonyauka. Magari ya maharusi yamepambwa hivyo. Shule niliyofundisha ilimpokea mgeni rasmi chini ya maua hayo, na mgeni rasmi hakulalamika. Josephine wa kanisani, ambaye ndiye aliyeyacheka kwa sauti kuliko wote, aliolewa Nakuru katika ukumbi uliojaa karatasi za msalani, nami nilikuwa miongoni mwa walioalikwa.

Nyanchama alisokota jioni kwa jioni akitoka kazini. Kwa nyota alitumia maboksi ya nafaka ya bibi wa Leaside, akayafunika kwa karatasi ya fedha ya kufungia nyama. Kadi za Krismasi za miaka iliyopita, ambazo bibi huyo alitaka kuzitupa, alizitungia uzi kama nguo kwenye kamba. Alipomaliza alinipigia simu nikaone. Nilisimama mlangoni. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe, ile ambayo niliingia nikiwa bibi arusi, imenyanyuliwa ikawekwa angani, na nje ya dirisha theluji inaanguka.

"Imetosha?" aliniuliza.

Nikamwambia imetosha.

Uwanja wa ndege tulikwenda sisi wawili. Mtoto alitoka ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, mrefu kuliko tulivyotazamia, kichwa kimenyolewa cha shule, soksi zimepandishwa hadi magotini. Nyanchama alipiga magoti akamkumbatia. Mtoto alisimama wima, akakumbatiwa.

"Safari ilikuwaje?" mama yake akauliza.

"Nzuri, anti."

Nyanchama akacheka kidogo, akamvika koti alilolibeba, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Ndani ya teksi Prudence alitazama nje.

Tulipofika ghorofani wale akina mama wa kanisani walikuwa wamekwisha kujipanga koridoni na vyakula. Nyanchama akafungua mlango. Prudence aliinua macho darini, na uso ukabadilika. Sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile. Akaangusha mfuko wake, akakimbia jikoni. Akatoka, akaingia chumbani. Akasogeza pazia la bafuni. Akafungua kabati la nguo. Nyanchama alikuwa akipiga makofi kimya kimya, vidole kwa vidole, akidhani mtoto anaifurahia nyumba. Nami nilidhani hivyo.

Kisha Prudence akarudi sebuleni, akasimama chini ya maputo.

"Mama yuko wapi?"

"Niko hapa," Nyanchama akasema, akanyoosha mikono.

"Si wewe, anti. Mama. Aliniambia nitangulie, yeye anakuja nyuma." Akaonyesha darini. "Nikadhani amefika na ndege ingine. Si ni yeye ametundika hizi?"

Ndipo mtoto akatoka koridoni kumtafuta huko, akiita, akipita katikati ya wale wanawake na sufuria zao. Hicho ndicho walichokiona. Nilimfuata, nikamkuta kwenye lifti akibonyeza kitufe, nikamrudisha ndani kwa mkono wangu huu. Hakupigwa na mtu yeyote.

Lawama, kama lazima iwepo, si ya mtu mmoja. Kwetu mtoto haagwi kwa ukweli. Ukisafiri unamwambia unakwenda dukani. Ukimsafirisha unamwambia atangulie, wewe unafunga mlango tu, unakuja. Mama mkwe alisema walivyosema wote kabla yake, ili mtoto apande gari bila kulia. Ila katika desturi hiyo safari hukoma Kisumu au Nairobi. Haikutungwa kwa ajili ya bahari.

Siku mbili Prudence hakula cha maana. Alikaa kwenye godoro na koti lake, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni kama alivyofungwa uwanja wa ndege, akitazama zile karatasi. Kila alipozitazama machozi yalimtoka. Nyanchama aliomba ruhusa kazini. Hakumlazimisha, hakumbembeleza kwa peremende. Siku ya tatu nilikuwa jikoni kwake nakoroga uji, nikasikia kiti kikiburutwa. Nilipochungulia niliona wifi yangu amepanda juu anabandua selotepu, anaviringisha zile karatasi mkononi kama bandeji. Alikuwa amekwisha kuondoa pembe tatu. Sura yake ilikuwa ya mtu anayeosha vyombo.

Alipofikia pembe ya dirishani, mtoto akasema, "Hiyo acha."

Nyanchama akaacha, mkono ukiwa bado juu.

"Nani alikufundisha?" Prudence akauliza.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Huyo huyo wako. Alinishikisha mwisho wa karatasi, yeye akapanda kiti. Nilikuwa mdogo kuliko wewe."

Mtoto alifikiri sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumweleza jambo hilo kwa namna ambayo lingeingia akilini, kwamba yule mwanamke wa kwenye simu naye ana mama, na mama mwenyewe ni yule yule. Uji ulianza kushika chini, nikauacha ushike.

"Sasa mbona ulimwacha?"

"Nilikuja kutafuta kazi."

"Na wewe alikuambia utangulie, anakuja nyuma?"

Nyanchama akashuka kwenye kiti, akakikalia. Miaka yote niliyomjua, hata tulipomzika kaka yake hapa hapa Toronto, sikuwahi kumwona akilia mbele ya mtu. Alilia hapo, kwa sauti ya chini, mikono imejaa karatasi za waridi.

"Mimi ndiye niliyemwambia hivyo," alisema. "Nilimwambia akae na wewe kidogo tu, ninarudi. Sijamwona tangu siku hiyo, Prudence. Sikumbuki vizuri hata anavyotembea."

"Anachechemea," mtoto akasema. "Mguu wa kushoto. Si sana. Asubuhi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua kubwa. Aliteleza pale kisimani."

Basi wakaanza. Mmoja akiuliza, mwingine akieleza: jino lililong'oka, ng'ombe aliyeuzwa, kitambaa cha kichwa anachokipenda, wimbo anaouimba akipepeta wimbi. Mwenye kuuliza alikuwa ni mtu mzima. Katikati ya maelezo hayo Prudence alivua koti lake mwenyewe, kwa sababu chumba kilikuwa na joto, akachukua karatasi kutoka mkononi mwa Nyanchama na kuitazama.

"Umesokota vibaya," alisema. "Siku hizi hasokoti hivi. Anaweka ya manjano ndani ili ya waridi ionekane. Panda nikushikie."

Nyanchama akapanda. Nikazima jiko, nikachukua mkoba wangu, nikatoka bila kuaga.

Krismasi ile nyumba ilipambwa upya, na aliyeingia aliona pembe tatu zenye manjano ndani, na moja ya dirishani imebaki ilivyosokotwa mwanzo. Josephine alileta keki. Aliila sehemu kubwa mwenyewe huku macho yakizunguka darini, na Prudence alimhudumia chai kwa adabu aliyolelewa nayo. Mchana tulipiga simu Keroka. Mama mkwe alitaka kujua kama theluji ni baridi kama wanavyosema na kama mtoto anakula. Walipokezana simu, mmoja akimwambia mwenzake aache kulia kwa sababu yeye naye atalia, hata sikujua tena ni nani anayemtuliza nani. Baada ya simu walikaa dirishani bega kwa bega, kioo kimeota maua ya barafu kwa ndani pale nailoni ilipobanduka. Wote wawili walikuwa wakimtamani mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mbali sawasawa kwa wote wawili.

Hiyo ndiyo habari ya nyumba ile na karatasi zake. Wanaonisimamisha kanisani ili waulize kama mtoto siku hizi amekubali kumwita mama, au bado ni anti, nimewasikia. Jibu ninalo, kwa kuwa nilikuwepo alipomwita. Sitalisema.