Mpira Alioutupa Bukuru

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata kwa mgongo huu ulioanza kupinda, nanyooka kitini. Siku hiyo sikuwa Ujiji wala popote karibu na ziwa letu. Nilikuwa Havana, mji mkuu wa Kuba, nimekaa juani katika uwanja uliojaa watu, natazama mchezo nisioujua. Pembeni yangu alikaa rafiki yangu Bukuru wa Kalinzi, ambaye alikuwa ameshaamua kurudi nyumbani.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, nchi ikiwa bado changa, na sisi wachache tuliomaliza masomo ya juu tulitazamwa na kila mtu. Mimi nilitoka chuo kikuu, Bukuru chuo cha kilimo, tukachaguliwa kwenda Kuba kusomea magonjwa ya mifugo. Kalinzi hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo. Wanakijiji walimchangia sanduku na sweta, wakashuka naye kutoka milimani hadi stesheni ya Kigoma, wazee kwa watoto, kumwona tu akipanda treni.

Kabla ya safari, bwana mkubwa mmoja wa ofisini alituita akatuambia, "Huko mnakokwenda, mkikosea ninyi, Tanzania imekosea." Bukuru alijibu "Ndiyo, mzee," akasahau. Mimi niliyabeba maneno yale hadi ng'ambo ya bahari. Nikipiga chafya mbele za watu najiuliza kama Tanzania imepiga chafya. Nikivaa shati la kijani nafikiri watasema tumechagua kijani kwa sababu fulani, nalivua, navaa jeupe, nalifikiria na hilo. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, na wanaonijua watakwambia sijapona sawasawa.

Lakini lugha ya watu wale niliishika mapema. Bukuru haikumwingia. Akifungua mdomo darasani, wenzetu wanacheka, si kwa ubaya, ila wanacheka. Akaufunga. Miezi ikapita akiongea na mimi tu, na ng'ombe wa chuo. Ng'ombe wale alikuwa akiwajua kuliko sisi sote, ila mtihani hauandikwi na ng'ombe.

Chuo kikatupa ruhusa twende Havana kutazama mashindano ya besiboli ya mataifa. Kule mchezo huo ndio kila kitu, kama mpira wa miguu kwetu. Nilishangaa Bukuru alivyokubali haraka. Ndani ya treni akanieleza sababu.

"Sudi, ofisi ya wanafunzi wa nje si iko Havana?"

"Iko. Kwani?"

"Leo ni Jumapili, imefungwa. Kesho asubuhi nitaingia niombe wanirudishe."

"Wakurudishe wapi?"

"Kwani mimi natoka wapi? Kalinzi. Kule nikiongea hawacheki."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilifikiria sanduku, sweta na wale wazee stesheni. Nikafikiria wakimwona anashuka treni ileile kabla ya wakati, kila mmoja akijifanya hakumwona. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga upya, na treni ikafika sijasema hata moja.

Uwanjani tulipewa viti vya juu. Watu walikuwa bado wanaingia. Akaja mzee mmoja mwenye kofia ya majani, anapanda ngazi taratibu kuelekea kiti cha karibu yetu. Bukuru alipomwona akasimama. Akakunja magoti kidogo, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi yale ya polepole, viganja vikikutana kwa heshima, huku akisema, "Mwakeye, mwakeye." Ndivyo Muha, mtu wa kabila la huko kwao, aliyelelewa vizuri anavyomwamkia mkubwa asubuhi.

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Mstari mzima uligeuka kututazama. Nikamvuta shati.

"Bukuru, kaa chini! Hapa si Kalinzi."

"Mzee anapita, nikae?"

Mzee alisimama palepale. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana kuwa na majibu, yule kijana anafanya nini. Nikamwambia kwa lugha yake, "Samahani, mzee. Anakuamkia. Ni desturi za kijijini kwao tu."

Mzee akaniuliza, "Unaniomba msamaha kwa sababu rafiki yako ameniheshimu?"

Basi mzee akaweka chini mfuko wake, akamgeukia Bukuru, akakunja magoti yake mwenyewe, magoti ya mtu aliyekata miwa maisha yake yote, akapiga makofi. Aliyapiga vibaya, haraka kama anaua mbu. Bukuru akamshika mikono, akamwonyesha, taratibu, viganja vilegee. Wakarudia pamoja. Mstari uleule niliouogopa ukaanza kujaribu nao.

Jina lake mzee lilikuwa Rafaeli. Alikaa kati yetu, akanunua karanga, akaanza kutueleza mchezo. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka uwanja, na wale wengine wanauwahi mpira ili wamzuie asifike. Mimi niliuliza maswali hadi mzee akachoka. Bukuru alikaza macho kwa mchezaji aliyesimama mbali kabisa, peke yake majanini, anangoja mpira usiokuja.

Ghafla ukaja. Yule mchezaji akaudaka, wala hakumtazama mkimbiaji, akautupa kule mkimbiaji alikokuwa anakwenda. Mkimbiaji akafika akakuta mpira umeshatangulia. Ametoka mchezoni.

Bukuru alisimama wima. "Sudi! Hawa ni walinda mahindi!"

Niliijua habari hiyo kwa kusimuliwa. Kalinzi, mahindi yakikaribia kukomaa, vijana hushinda mashambani kuwazuia nyani wanaotoka msituni. Na wana namna yao. Humlengi nyani kwa jiwe. Unalitupa mbele yake, litue pale anapotaka kupita, ageuke mwenyewe arudi. Hiyo wanaiita kumkata njia. Bukuru alikua akiifanya kazi hiyo. Nikamtafsiria mzee Rafaeli. Alicheka hadi kofia ikamtoka, akawaambia wa mbele, nao wakawaambia wa mbele yao, hata kikundi kizima kikawa kinamwita mchezaji yule wa mbali "mlinda mahindi."

Sasa sikiliza. Kule, mpira ukiangukia kwa watazamaji, hauendi nao nyumbani. Mipira ilikuwa michache na ilikuwa mali ya wote, aliyeuokota anaurudisha. Bukuru hakuhitaji kuelezwa hilo, kijijini kwao hata jembe lilirudishwa. Basi mpigaji mmoja akaupiga mpira vibaya, ukapaa, ukaja juu yetu, ukagonga ngazi, ukaruka, ukatua mikononi mwa Bukuru. Mchezo ukasimama kungoja. Chini yetu alikuwepo mtu wa kazi hiyo, amekinga mikono apewe.

Lakini Bukuru hakuwa akimtazama mtu huyo. Alikuwa akimtazama mlinda mahindi, kule mbali.

"Bukuru, mpe yule bwana."

"Yule ndiye anayeuhitaji."

"Ni mbali. Ukimpiga mtu?"

"Tangu nizaliwe sijampiga mtu. Nyani mmoja tu, na yule aligeuka vibaya."

"Bukuru, Tanzania..."

Alishautupa.

Sitaki kuongeza chumvi. Ulipita juu ya vichwa vya watu, ukavuka ukuta, ukavuka majani, haukupanda sana wala haukushuka mapema. Mchezaji aliinua mkono wake wenye glovu. Hakusogea hatua. Mpira ukaingia, na ule mlio wa ngozi kwa ngozi ukatufikia tulipo. Halafu uwanja ukalipuka. Mchezaji yule akavua kofia, akaielekeza kwetu.

Kila upande watu walikuwa wakiuliza, "Huyu katoka wapi?" Nikafungua mdomo nimjibie, kama nilivyozoea. Mzee Rafaeli akaweka mkono gotini kwangu. "Mwache."

Bukuru akawageukia. Kisha, kwa lugha yao, neno moja likimfuata jingine kwa kusitasita, akasema, "Mimi natoka Kalinzi, nchi ya Tanzania. Kwetu tunalinda mahindi." Alikosea maneno mawili matatu. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa nyuma alimrekebisha moja, akalirudia, mama akampigia makofi, yale ya Kiha aliyojifunza asubuhi. Tangu hapo Bukuru hakunyamaza. Aliongea na mama, na mzee, na muuza karanga, akikosea na kurekebishwa, hadi mchezo ukaisha. Mimi sikumtafsiria hata neno, mwanangu. Nilikaa pale nimejaa fahari.

Asubuhi yake nikamwona anafunga begi.

"Twende stesheni," akasema.

"Na ofisini?"

"Ofisini kuna nini?"

Ndiye Bukuru yuleyule aliyekuja kuwa daktari wa ng'ombe, ambaye wafugaji wa hapa hadi Kidahwe walimngoja kama mvua. Aliporudi na lile sanduku, wazee walikuwa stesheni tena. Akashuka, akakunja magoti mbele yao, akawapigia makofi. Na mimi nyuma yake, mtoto wa mjini Ujiji, nikakunja yangu. Hakuna aliyenivuta shati.

Sasa wewe umemaliza chuo, umeitwa kazini mbali na nyumbani, nawe umekaa hapo mtaani Katubuka unapanga na kupangua, unaogopa utakavyoonekana. Nakujua kwa sababu najijua. Sikwambii usifikiri. Nakwambia usimwombe mtu msamaha kwa malezi mema uliyopewa nyumbani, na usimfungie mwenzako mdomo kwa kujifanya unamsaidia kusema. Ukiwa na maneno machache, yatoe hayohayo. Yatarekebishwa yakiwa nje, yakiwa ndani hayarekebishwi. Na mpira ukitua mikononi mwako, tazama anayeuhitaji, kisha utupe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka, akukutanishe na kina Rafaeli kila uendako, na siku utakayorudi, ziwa likukute unapumua kwa nafasi na sisi tukukute umesimama wima.