Mahali pa Kushuka na Kusalimia

Nakumbuka siku moja asubuhi, nikiwa msichana, baba aliponikabidhi baiskeli yake na kuniambia niende nayo mjini nirudi. Mwanangu, usicheke. Wakati ule msichana juu ya baiskeli alikuwa kioja, na sisi tulikaa nje kidogo ya Songea, upande wa barabara ya Peramiho. Nilikuwa nimechaguliwa kuingia sekondari mjini, na kwa miguu ni mbali. Baba alisema nikirudi salama nitasoma. Nikirudi na jeraha, au baiskeli ikiharibika, nitabaki nyumbani nimsaidie mama shambani. Nikakanyaga pedali kwa furaha.

Nilifika mjini vizuri kabisa. Karibu na soko, penye malori, mabasi na watu wenye matenga vichwani, wote wakigombea lami ileile, nikamwona Babu Komba akija kwa miguu. Alikuwa jirani yetu na rafiki mkubwa wa familia. Sasa wewe wajua kwetu. Mkubwa hasalimiwi ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, na ukiwa msichana unapiga goti. Pembeni palikuwa na mtaro, kwa hiyo nikashukia palepale barabarani, nikalaza baiskeli, nikapiga goti na kumwamkia. Honi hata sikuisikia. Babu alinivuta mkono kwa nguvu ambazo sikudhani anazo, na lori likapita juu ya gurudumu la nyuma.

Watu wakajaa. Dereva alifoka kwamba wasichana na baiskeli wapi na wapi, na wengi wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi nililia, si kwa maumivu, maana sikuchubuka hata kidole. Niliililia shule yangu. Babu Komba hakujibizana na mtu. Aliibeba baiskeli begani mpaka nyumbani, mimi nikimfuata nyuma, na kumbe njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia baba.

"Mwanao hana kosa," alimwambia. "Ameshuka kunipa heshima yangu, na barabara haikuwa na pa kushukia. Utamfungia mtoto ndani kwa sababu ya barabara?"

Baba alilikagua gurudumu lililopondeka. Kisha akatoka kwenda kutafuta gurudumu jingine. Nilisoma, mwanangu, na nikaja kuwa mwalimu. Babu naye aliwaita majirani na majembe yao, wakasawazisha kipande cha ardhi kando ya barabara, mbele ya nyumba yake, ili wenye baiskeli washukie hapo. Kila asubuhi nikienda shule nilimkuta amesimama palepale, akisubiri shikamoo yake kwa madaha.

Ndiyo maana juzi nilipouona mchoro wa barabara yetu mpya nilipiga kigelegele mbele za watu, wewe na wenzako mnaopima mtaa mkaniona kituko. Acha nifurahi. Waenda kwa miguu wana njia yao yenye kivuli, baiskeli zina yao, daladala zina vituo vilivyoingia pembeni, na magari yenyewe yamepunguziwa mbio. Nimeingoja barabara hii maisha yangu yote.

Lakini nikatazama tena. Njia ya baiskeli ni nyembamba, imebanwa na kingo za zege huku na huku. Atakayeshuka kusalimia atagongwa na anayemfuata. Mtasema watoto wa siku hizi wapunge mkono tu, yatosha. Hawapungi, tumewalea wenyewe kushuka. Na nikwambie jambo ambalo hata wanangu wa kuzaa hawalijui. Siku hizi nikiwa njiani, nikimwona mtoto wa shule anakuja na baiskeli, nageuza uso nikijifanya nasoma vibao vya maduka, ili asishuke mbele ya malori ya makaa ya mawe. Wengine wameshaanza kusema mwalimu anaringa. Inaniuma sana kumnyima mtoto marahaba yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Mnapochora barabara, msifikirie magurudumu peke yake. Tazameni watu wa hapa wanafanya nini wanapokutana. Hapa na pale panueni kidogo, kati ya njia ya baiskeli na njia ya miguu, mtoto apate pa kushuka na mzee apate pa kusimama. Nafasi hiyo si kubwa, hata gari halitaisikia. Kesho mtakapochora njia hizo chini kwa chaki ili kuzijaribu nitakuja mapema, nipige goti mwenyewe pale chini, mpime nafasi inayonitosha, halafu mninyanyue.

Mungu awape macho ya kuona na mikono isiyochoka. Awalinde wote watakaopita hapo, wa miguu na wa magurudumu. Nami anibakize mpaka kazi iishe, mtoto anishukie bila hofu, nimtazame usoni na kumwitikia marahaba.