Nani Atalitoa Jiko Nje?

Nilikosa usingizi kwa sababu ya maneno ambayo Shosho, nyanya yangu, aliyasema kwenye simu kama mtu anayejisifu: "Siku hizi silali na baridi. Jiko naliacha tu hapa karibu na kitanda." Nilicheka naye, tukaagana, kisha nikaanza kuwaza. Na mimi nikianza kuwaza, sijui kuacha. Nilipompigia tena, alikuwa ameshazima simu ili chaji isiishe.

Nakumbuka Julai za utotoni kule Mutuini, tulipokuwa tukilala binamu watatu kitanda kimoja katika nyumba ya mbao ya Shosho. Asubuhi mabati yalitudondoshea maji usoni. Jioni Kamau, mkubwa wetu, aliwasha jiko la makaa uani akilipepea kwa kipande cha katoni, nasi tukachuchumaa tukiangalia ndimi za moto za bluu zikicheza juu ya makaa.

"Bado!" Shosho alipaza sauti kutoka ndani. "Atakayeliingiza sasa atalala na mbuzi."

Lilipokuwa jekundu tupu ndipo liliingia, na viazi vikafukiwa kwenye jivu. Hadi leo nikisikia harufu ya ganda la kiazi likiungua, magoti yangu yanapata joto.

Nyufa za mbao tuliziziba kwa matambara na magazeti, isipokuwa mmoja juu ya mlango. Niliwahi kuujaza soksi, Shosho akaniita kwa majina yangu yote.

"Toa hiyo soksi! Unataka tulale tusiamke?"

Nilidhani ni vitisho vya wakubwa tu. Na kabla ya sala ya kulala, Kamau alilibeba jiko kulirudisha uani, sisi wengine tukinung'unika kama tuliofukuzwa kwetu. Baada ya hapo tulibanana. Watoto wa siku hizi kila mmoja ana blanketi lake na chaja yake. Hawajui mgongo wa binamu una joto kiasi gani.

Nyumba ile ilibomolewa. Baba na ndugu zake walimjengea Shosho nyumba ya mawe, yenye dari na madirisha yanayofunga kabisa. Baridi ilibaki na njia moja, matundu ya hewa juu ya madirisha, naye akayaziba kwa magazeti kama alivyozoea. Hata mimi huku mtaa wa Satellite, nilikopanga chumba, nimeziba yangu kwa katoni, ila mimi sina jiko. Yeye analo, na ni zito kwa mikono yake ya sasa. Kamau alihamia Nakuru. Kwa hiyo jiko likiingia, halitoki, na hewa ya sumu ya makaa haina pa kupitia.

Lakini nani mimi, nimfundishe moto mtu aliyenilea kwa moto huo? Labda anaacha dirisha wazi. Labda atasema digrii imenipanda kichwani. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena. Kulipopambazuka nilivaa viatu nikaenda Mutuini.

Nilimkuta uani akiwamwagia kuku mahindi, mkono mmoja kwenye paji la uso.

"Ni kichwa," alisema. "Kinaniuma asubuhi tu, halafu kinaacha. Ni uzee."

Nilijua ni makaa, si uzee. Sikubishana naye. Niliingia ndani, nikapanda kwenye kiti, nikaanza kuchomoa magazeti kwenye matundu.

"Wewe Wairimu! Umetoka Satellite kuja kuniingizia baridi?"

"Shosho, si ni wewe uliyeniambia nitoe ile soksi?"

Aliingia akasimama kando ya kiti. Akatazama juu ya mlango, mahali ambapo sasa hapana ufa wowote, kisha akatazama jiko kando ya kitanda chake.

"Ile nyumba ilikuwa inapitisha upepo yenyewe," alisema polepole. "Hii imefungwa kama sufuria." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na nani atanitolea jiko?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, sikuwaza. "Mimi."

"Na kazi?"

"Barua za kuomba kazi hata Mutuini zinatumwa."

"Haya basi. Ukilichoka usinirushie makaa."

Nilipigilia wavu kwenye matundu ili panya wasiingie, nikaenda Satellite kuchukua nguo zangu. Jioni tulichoma viazi, kisha nikalibeba jiko hadi uani kabla hatujasali. Asubuhi Shosho aliamka bila kushika kichwa.

Enzi zile tulikuwa watatu kitandani na nyumba ilijaa kelele. Sasa tuko wawili, kimya, na baridi inapita juu yetu inavyotaka. Shosho analalamika kwamba navuta blanketi.