Chai ya Bwana Bomba

Walimwita Bwana Bomba, na jina likamkaa. Yeye ndiye aliyeshika funguo za pampu tangu kisima kirefu kilipochimbwa na maji yakaingia majumbani. Kila alfajiri alitoka, akafungua kufuli, akawasha mashine, akangoja tangi lijae. Kusoma hakujua. Mashine aliijua kwa sauti, kama mtu anavyokijua kikohozi cha mwanawe kutoka chumba cha pili.

Maji yenyewe yalikuwa na maneno. Sabuni haikutoa povu. Ilikatikakatika ikawa utando wa kijivu juu ya beseni. Shuka nyeupe hazikukaa nyeupe. Maharage yalichemka tangu asubuhi, na jioni bado yaligonga meno.

"Maji magumu haya, kama kichwa cha mume wangu," alisema jirani yake, mshona nguo.

Bwana Bomba hakutaka kusikia. Kuyasema maji ilikuwa kumsema yeye. Alikuwa na jibu moja tu: "Njooni kwangu mnywe chai."

Wakaja, wakanywa. Chai ya mkewe ilikuwa safi, haina utando, harufu yake inakuita tangu barazani.

"Mmeona? Maji hayana kosa. Kosa la mpishi."

Wanaume wakacheka, wakaenda kuwatania wake zao. Mara mbili watu wa mtaa walikutana wapate kuomba bomba livutwe kutoka chemchemi iliyo chini ya kilima, penye maji laini. Mara zote mbili chai ile ikaua mjadala. Mkewe alimimina, akakusanya vikombe.

Yule mama alikuwa na magoti mabovu. Jioni alikaa akiyasugua kwa mafuta.

"Magoti gani nawe?" Bwana Bomba humwambia, kikombe mkononi. "Maji tumekuletea mpaka jikoni. Yanauma kwa kukaa tu."

"Labda ni kukaa, mume wangu."

Mwaka huu homa ilimchukua. Nyumba ikabaki na viti viwili na mtu mmoja.

Bwana Bomba akaanza kujipikia. Chai ya kwanza ilitoka na rangi ya tope, juu imetanda ngozi. Ukitia kijiko, ngozi inapasuka vipande vipande. Akabadili majani. Akabadili sufuria. Akalichungulia birika, akakuta ndani limefanya ukoko mweupe kama ganda la yai. Wakati wa mkewe birika lile lilikuwa laini ndani. Akajiambia mkono wake ndio mbovu. Kosa la mpishi.

Binti yake alikuja kumtazama. Akapewa kikombe, akaonja, akakiweka chini taratibu.

"Baba, maji haya umechota wapi?"

"Bombani. Kwani kuna maji mangapi?"

Binti akatupa jicho nyuma ya mlango. Dumu la njano la mama yake lilikuwa pale, limekauka.

"Lile la mboga," baba akasema. "Mama yako alimwagilia mboga."

"Mboga gani, baba? Zioneshe."

Bwana Bomba akatazama uani. Saruji, na kamba ya nguo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye ndiyo kwanza anatazama.

"Ukienda kwenye pampu, naye anashuka chemchemini," binti akasema. "Ukirudi, chai tayari."

"Kilima kile?"

"Kile kile. Na dumu kichwani."

"Na watu wanajua?"

"Wanawake wote. Foleni walipanga pamoja. Aliwaambia, mwacheni mzee wangu na bomba lake, ndiyo raha yake."

Bwana Bomba akakitazama kikombe chake. Alikuwa anakumbuka magoti. Yanauma kwa kukaa tu. Aliyasema yeye, kwa kinywa hiki, huku anameza maji yaliyopandishwa na magoti yale.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa tatu juu ya ile chemchemi. Angeweza kukaa kimya. Marehemu kaenda na siri yake, wanawake wasingeitoa. Angesema neno moja kama zamani, heshima yake ikabaki, na wale wenye magoti mazima wakaendelea kupanda kilima. Asubuhi ile alichemsha maji ya bomba, akajaza chupa kubwa ya chai, akachukua vikombe kwenye kapu.

Mwenyekiti alipotaja chemchemi tu, kinyozi akadakia, maana hana breki ya mdomo:

"Ya nini kusumbuka? Twendeni kwa Bwana Bomba tukanywe chai, kikao kiishe!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafia njiani. Walikumbuka mpishi hayupo. Kinyozi akainama. "Nisamehe, mzee wangu. Ulimi hauna mfupa."

"Chai nimekuja nayo," akasema Bwana Bomba.

Akamimina. Nyingine ikamwagika kwenye viatu vyake. Akagawa vikombe kwa wanaume waliokaa mbele, walewale wa barazani kwake. Wakaonja. Mmoja akakohoa. Mwingine akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kimeangukiwa na kitu.

"Leo majani yamekukataa," mwenyekiti akasema kwa upole.

"Majani ni yaleyale. Hayo ndiyo maji yangu." Akaiweka chupa chini. "Ile mliyokunywa kwangu ilikuwa ya chemchemi. Maji yake mke wangu aliyabeba kichwani. Mimi nikiwa nawaambia kosa la mpishi."

Huko nyuma wanawake walitazama chini. Akaelewa kwamba wanaona haya kwa ajili yake, na kwamba wamefanya hivyo kwa miaka, kila alipopita na funguo zake zikilia kiunoni.

"Shemeji, kaa," mshona nguo akasema. "Alituomba tusiseme. Yamekwisha."

"Kwangu hayajaisha."

Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Tangu alfajiri alikuwa akijiandaa. Hawakumcheka. Kinyozi, mwenye mdomo kuliko wote, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akaanza kuinywa chai ile ya tope yote, funda kwa funda, uso mkavu, kwa heshima.

"Usimalize," Bwana Bomba akamwambia.

"Si mbaya sana, mzee."

"Mwaga, mwanangu. Nakuomba. Usininywee."

Kinyozi akamtazama, kisha akaimwaga. Ilipokauka ardhini iliacha duara jeupe. Mwenyekiti akauliza nani anataka bomba la chemchemi. Bwana Bomba akainua mkono kabla ya wote, akauacha juu hata wengine walipokwisha kushusha yao.