Mtaa Uliozikwa Chini ya Barabara

Binti yangu alipokuwa akisoma Detroit, nilitoka kwetu Ibra, nchi ya Waarabu, kwenda kumtazama. Siku ya pili akanipeleka kutembezwa mjini pamoja na wageni wengine. Aliyetuongoza alikuwa bibi mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima sana. Alituonyesha majumba marefu yaliyokaa magofu miaka mingi, sasa yana vioo vipya na mikahawa chini. Wageni walisifu, wakapiga picha.

Kisha akatusimamisha juu ya daraja. Chini yetu magari yalikuwa yakienda mbio.

"Hapo palikuwa mtaa wetu," alisema. "Kanisa, kinyozi, duka la mama yangu. Waliovunja walisema wanaujenga mji upya."

"Mlihamia wapi?" nikamwuliza.

"Kila mtu na kwake. Wengi hatukuonana tena." Akanitazama. "Na kwenu, nyumba za kale mnazitunza?"

"Tunazitunza," nikajibu.

Binti yangu akainamisha uso. Alijua.

Nilikuwa mfanyakazi wa ofisi iliyoshughulikia kuutengeneza upya mtaa wetu wa kale, wa nyumba za udongo. Mama yangu alitimuliwa Unguja wakati wa mapinduzi akiwa msichana, akaja Ibra, akaolewa katika nyumba mojawapo ya hizo, akatuzaa humo sote. Mimi ndiye niliyempelekea karatasi za nyumba. "Tia saini, mama. Wataitengeneza, kisha utarudi." Hakuniuliza neno. Nyumba ikatengenezwa kweli, ikapendeza, ikawa ya kulaza watalii. Asubuhi moja alikwenda na birika lake la kahawa, akitaka kukaa barazani kidogo tu. Mfanyakazi wa mlangoni akamwambia ni kwa wageni peke yao. Hakusema yeye ni nani. Akarudi na kahawa yake. Haya niliyasikia kwa jirani.

Niliporudi kutoka Marekani nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amerika kukoje?"

Nikamsimulia habari za yule bibi wa darajani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maskini," akasema. "Na aliyewavunjia, alikuwa mtoto wao?"

"La, mama."

"Basi afadhali."

Akanisogezea sahani ya tende. Nilizila, sikuzisikia ladha.

Wiki ile nikawaendea wanaoiendesha nyumba, nikawaomba wamruhusu kuingia apendapo. Walikubali, tena kwa adabu. Nikamwambia. Akasema inshallah. Hakwenda hata siku moja, nami sikuthubutu kumkumbusha.