Siku Nilipomtafsiria Mama

Ngano ikipashwa moto hutoa harufu ya mkate usiotaka kuiva, na mimi nikiinusa tu, magoti huanza kuniuma hata yakiwa mazima. Mama alinishonea mfuko wa kitenge, akaujaza ngano, akawa anaupasha kwenye maikrowevu na kunifunga nao miguuni. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu, na baridi ya Stockholm, jamani, haijawahi kupatana nao.

Wanawake wenzake wa kanisani walikuja kwetu Jakobsberg kutupa pole, na hawakukosa kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa na miaka tisa, nikashangaa: mguu ni wangu, uchungu aujue yeye? Nikaona labda kuna maumivu mengine anayoyapata kwa njia nisiyoijua, na kosa ni langu.

Mama hakuwa ametoka Bujumbura zamani, na Kiswidi kilikuwa kikimpiga chenga. Mkalimani alikuwa akija kila tulipokwenda hospitali, ila siku moja hakutokea, nikatafsiri mimi, kifua mbele kama waziri. Muuguzi alipomaliza habari za dawa zangu, akaniambia nimuulize mama, je, yeye mwenyewe anaendeleaje?

"Mama, anauliza hujambo?"

"Mwambie sijambo, tunamshukuru Mungu."

Nikamwambia. Muuguzi akafurahi, akaandika, akatupa mkono wa kwaheri. Mama hakuinuka. Alikaa akimtazama, pochi mapajani, mpaka nikaona aibu, nikamvuta mkono na kumwambia tumemaliza. Kwenye treni alilia kimya kimya njia nzima. Nilijiuliza nimekosea wapi kwenye Kiswidi changu. Nikayapitia maneno yote, yalikuwa sawa. Basi nikakata shauri kwamba analia kwa sababu yangu, kwamba amenichoka.

Tangu hapo, akiniuliza asubuhi nimeamkaje, nilimjibu sijambo hata mguu ukiwaka moto. Nilidumu hivyo wiki tatu, nikijiona mjanja kweli, mpaka nikaanguka shuleni na kubebwa na gari la wagonjwa. Mama alinigombeza na kunibusu kwa wakati mmoja, nisijue nishike lipi.

Ilinichukua miaka kuelewa jambo ambalo ninyi mnaosoma mmeshaling'amua. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza, hata kama nyumba imeungua. Ndiyo adabu. Kisha hungoja aulizwe tena, na hapo ndipo huanza na "ila." Mama alikuwa akingoja swali la pili, nami ndiye niliyemvuta mkono.

Mwaka jana nilimuuliza, huku nikimenya viazi ili nisimtazame, angemwambia nini yule muuguzi.

"Ningesema nimechoka," akasema. "Nimemchoka mtoto wangu mwenyewe, na naona haya."

Kwa hiyo, kumbe, nilikuwa nimekisia kweli. Nililia pale pale jikoni, na hadi leo sijui kama ni kwa uchungu au kwa nafuu. Nikamwambia mimi pia nilikuwa nimemchoka, yeye na macho yake yasiyoniacha. Akacheka mpaka akashika meza. Nilichokuwa sikijui, nikiwa na miaka tisa, ni kwamba mtu anaweza kukuchoka kabisa na bado asikuache.